Mlingoti Niliousimamisha

Maji yalikuwa yamekupwa na mashua ilikuwa juu ya mchanga, imetiwa magadi, ile miti ya kuitegemeza, pande zote mbili, hatua chache kutoka kwenye magofu ya forodha ya Wajerumani hapa Bagamoyo. Fundi alikuwa akiikalafati. Anasokota pamba iliyolowa mafuta, anaishindilia kwenye mwanya wa ubao kwa patasi butu, nyundo inalia tak, tak, anasogea upana wa kidole kimoja, anaanza tena. Mimi nilikuwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, kishikwambi mapajani, naichora mashua kwa ajili ya shajara yangu ya michoro, mtandio nimeuvuta mbele ili kivuli chake kiangukie kioo.

Alipoacha kazi kwenda kunywa maji, alipita nyuma yangu akasimama. Nikamwamkia, akaitikia. Akautazama mchoro kwa muda, nyundo bado mkononi.

"Mwanangu, mlingoti ule wa kwanza umeupeleka wapi?"

Sikumwelewa.

"Mwanzo uliuchora umelala mbele. Nimeuona wakati napita kuchukua pamba. Sasa umeusimamisha kama mti wa bendera."

Nikamwambia nilikuwa nimekosea, nikafuta.

"Hukukosea," akasema, akaenda zake kunywa maji.

Niliinua macho. Mlingoti ulikuwa umelala mbele, kuelekea omo. Si sana, lakini si wa kubishaniwa. Umelala hivyo maisha yangu yote.

Hiyo ilikuwa wiki sita zilizopita.

## Vidole viwili

Kwenye programu ninayochorea, kutengua ni kugonga kioo kwa vidole viwili. Mstari unaondoka, kioo kinabaki cheupe kama vile hujawahi kukigusa. Nimegonga hivyo kwa miaka minane, mara nyingi kiasi kwamba siku hizi sijui ninapofanya. Ndiyo maana swali la mzee lilinikuta sina jibu. Sikukumbuka kuufuta mlingoti. Yeye ndiye aliyekumbuka.

Usiku ule nililifungua faili kuutafuta. Nilijua sitaupata, lakini nilitafuta. Kumbukumbu ya kutengua, katika programu nyingi, huishi tu wakati faili liko wazi. Ukilifunga, imekwenda na maji. Nikapekua tabaka za mchoro, zinazopandana kama karatasi angavu, moja baada ya jingine: anga, mchanga, ubavu wa mashua, vivuli, yale magadi. Mlingoti wa kwanza haukuwa popote.

Kama ningekuwa nimefuta kosa, nisingelala macho wazi. Nilifuta kitu sahihi. Jicho liliona, mkono ukatii, kisha kichwa kikaingilia kati na kusema mlingoti husimama wima, kila mtu anajua. Na mimi nikamwamini aliyekuwa hatazami.

Kisha nikakikumbuka kitabu.

Kazi inayonilisha ni kuchora picha za vitabu vya watoto. Kuna kimoja kimeshachapwa, kiko madarasani, na ndani yake kuna ukurasa wenye mashua tatu zimetweka tanga. Nilikishusha rafuni saa tano usiku nikaufungua ukurasa huo.

Milingoti yote mitatu iko wima.

Watoto wa pwani wanakisoma kitabu hicho. Yupo mtoto ambaye baba yake ni nahodha, ameutazama ukurasa ule, na ama amesema mchoraji hajui, ama, na hili ndilo linaloniumiza, ameona kwamba macho yake mwenyewe ndiyo yamekosea kwa sababu kitabu kimesema.

## Daftari la kijani

Nina boksi chini ya kitanda lenye madaftari ya zamani, ya kabla sijanunua kishikwambi. Sikuwa nimelifungua kwa muda mrefu, na sababu ni harufu. Anayeishi karibu na bahari anaijua. Masika moja paa letu lilivuja na boksi lililowa. Madaftari matatu yaliganda yakawa kama mikate, na yaliyobaki yalipata kuvu. Pini za bana zimeota kutu na kutu imekula karatasi pembeni mwake. Yale niliyonunua kwa bei ya chini yamegeuka rangi ya chai hata pale ambapo maji hayakufika, maana karatasi ya namna ile hutengenezwa kwa mbao iliyosagwa bila kuondolewa lignini, na lignini ikikutana na mwanga na hewa hugeuka njano. Gazeti lililoachwa juani wiki moja hufanya vivyo hivyo.

Nikalichukua lenye jalada la kijani, nikakaa nalo mlangoni penye hewa.

Karibu na katikati kuna mlango. Ni mlango wa kuchongwa wa nyumba moja ya Barabara ya India, na nilikuwa nimetumia kurasa nne kuuelewa. Kwenye ukurasa wa kwanza, ua lililo juu ya kizingiti lina petali sita. Petali hizo zimekatwa kwa mstari, na pembeni nimeandika: "Nane! Hesabu tena." Kwenye ukurasa wa pili zipo nane lakini ni nene mno, zinagombania nafasi. Chini nimeandika kwa hasira ya wazi kwamba fundi aliyechonga hakutumia rula kama mimi, kila petali ina upana wake. Mfaa, ile nguzo ya katikati, nimeuchora mara tatu. Mnyororo unaozunguka fremu nimeuanza juu nikaishiwa nafasi kabla ya kufika chini, kwa hiyo pete za mwisho zimebanana kama watu kwenye daladala ya jioni.

Mchoro wa nne ni mzuri. Lakini sikuutazama sana. Nilibaki kwenye ile mitatu ya kwanza, kwa sababu pale ndipo naweza kumwona msichana wa miaka ishirini na kitu amesimama juani akibishana na mlango, na mlango ukimshinda hatua kwa hatua.

Ule mlango haupo tena. Fremu imebaki, katikati pamepigiliwa mbao za kawaida.

Watu wengi wameiona michoro ya Leonardo da Vinci ya mama na mtoto aliyekumbatia paka, walau kwenye picha. Baadhi yake iko British Museum, London. Ni michoro midogo ya wino. Mistari imepandana, kichwa kimejaribiwa huku na kule, miguu ya mtoto ni mingi kuliko inavyopaswa kuwa, na paka ni fujo tupu la mwendo. Alifariki mwaka 1519. Zaidi ya miaka 500 baadaye bado tunaona mahali alipositasita. Simlinganishi mtu na mtu. Nasema tu kwamba karatasi ilifanya kazi ileile kwake na kwangu: ilikataa kusahau kwa niaba yetu.

Kishikwambi changu kina michoro zaidi ya elfu moja. Nilikipekua usiku ule wote kutafuta mmoja wenye petali sita zilizokatwa kwa mstari.

Hakuna.

## Lakini kishikwambi kimenilisha

Sitaki kuandika kana kwamba kifaa hiki ni adui. Kabla yake, kazi ya mteja wa Dar es Salaam ilimaanisha kuibeba ndani ya bahasha, kupanda basi, kuomba mvua isinyeshe, na kurudi nayo tena akitaka kofia ya babu iwe nyekundu. Sasa natuma faili jioni, napokea marekebisho asubuhi. Ukurasa wa A5 wa kuchapwa kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 1,748 kwa 2,480, na najua utatoka mtamboni vile ninavyouona, au karibu na hapo.

Usiku wa tamasha pale TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, taa zikiwa jukwaani na sisi gizani, daftari la karatasi ni kipofu. Kishikwambi kina mwanga wake. Nimewachora wapiga ngoma mikono ikiwa hewani, nikiwa nimebanwa katikati ya watu, kitu ambacho nisingeweza kwa kalamu na karatasi. Mchana ufukweni mambo hugeuka. Saa sita jua likiwa utosini, kioo kinakuonyesha uso wako mwenyewe na mawingu.

Na kuhusu kudumu, nimeungua pande zote mbili. Niliwahi kupeleka simu kwa fundi ikiwa na memori kadi ndani yake, ikarudi simu nzima na kadi iliyokufa. Miezi minne ya michoro. Daftari hufa kama mti, tawi kwa tawi, na hata likiwa na kuvu bado unachungulia ukurasa na kuona bega la mtu. Memori kadi hufa kama taa. Tangu hapo kila kitu nakiweka nakala tatu, mbili nyumbani kwenye vifaa tofauti na moja mbali, na nawasihi mnaochora mfanye hivyo leo, msingoje.

Kwa hiyo swali lililokuwa linanisumbua halikuwa kipi kitadumu. Lilikuwa hili: nilipokuwa nikichora ile mashua, nilikuwa naandika nilichoona, au natengeneza picha ya kupendeza kumwonyesha mtu?

Shajara ni ya kwanza. Mimi nilikuwa nimeigeuza ya pili bila kujua.

## Kijana wa simu

Kuna kijana anayesoma sanaa hapa, hukaa ufukweni jioni na kuchora kwa kidole kwenye simu yenye ufa kuanzia kona hadi kona. Nilimweleza habari ya mlingoti, nikamwambia nafikiria kurudi kwenye karatasi. Nilitarajia akubaliane nami.

"Dada, daftari zuri na kalamu zake ni hela ya chakula cha wiki," alisema. "Simu ninayo tayari. Ukisema shajara ya kweli ni ya karatasi, mimi unaniweka wapi?"

Nikanyamaza, maana alikuwa na haki.

Kisha akanionyesha simu yake. Alikuwa anachora ngalawa. Akafungua orodha ya tabaka, yakawa mengi, akayawasha moja moja: ngalawa nne zikapandana, nyembamba, nene, moja imepinda vibaya.

"Mimi sitengui," akasema. "Nikikosea nazima tabaka, nafungua jipya. Siku nyingine lililozimwa ndilo zuri."

Nilirudi nyumbani nikiwa sina hoja. Mwaka 2009 David Hockney, mchoraji wa Uingereza, akiwa amevuka miaka 70, alianza kuchora maua kwa kidole kwenye simu, mwaka uliofuata akahamia kwenye kishikwambi, na programu aliyoitumia iliweza kurudia mchoro tangu mwanzo, mstari kwa mstari, kama filamu. Mashine ilikumbuka kwa sababu iliruhusiwa kukumbuka. Mwenye kusahau kwa makusudi alikuwa mimi.

Nikajipa wiki mbili za kujirekebisha kwenye kishikwambi. Kwanza nikawasha kurekodi kioo, nikapata video ya dakika 40 kwa mchoro mmoja wa mwembe. Sikuitazama hadi leo, na sidhani nitaitazama. Kosa lililo kwenye video linapita. Lazima ukae ulisubiri lije, kisha limeondoka. Lililo kwenye ukurasa lipo pale pale, unaliwekea kidole, unakunywa chai, unalirudia.

Halafu nikajaribu njia ya kijana. Kuzima tabaka, kufungua jipya. Siku ya kwanza nilifaulu mara mbili. Mara nyingine zote vidole vyangu viwili vilikuwa vimeshagonga kioo kabla sijawaza. Mazoea ya miaka minane hayaombi ruhusa. Yeye hakuwahi kuyajenga, ndiyo maana simu yake ni shajara na kishikwambi changu si shajara.

Nilipolikubali hilo, uamuzi ulikuja wenyewe. Sihitaji kumshawishi mtu yeyote kwamba karatasi ni bora. Ninaihitaji mimi, kwa sababu mkono wangu umejifunza kukimbia, na karatasi haina mlango wa nyuma.

## Kushona

Nimelishona mwenyewe. Karatasi za gramu 120, si zile za gramu 300 za rangi za maji, maana hizo zinanitia woga. Karatasi ya bei kubwa inakufanya uanze tena kuchora picha za kupendeza. Karatasi tano zilizokunjwa katikati hutoa kurasa 20. Mikunjo minne, kurasa 80. Uzi nimeupitisha kwenye nta, jalada ni boksi gumu lililogundishwa kitambaa. Hakuna pini hata moja, nimejifunza habari ya kutu.

Kalamu ni ya wino usioyeyuka kwa maji. Penseli nimeiacha nyumbani, na ufutio pia.

Daftari linakaa kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Ninavikusanya kutoka kwa majirani, nao wanadhani nina maradhi fulani. Siku ya jua ninalifungua kurasa zipate hewa, kivulini. Najua bahari italifikia siku moja. Kila Ijumaa napiga picha kurasa za wiki na kuziweka mahali patatu, na hapo kishikwambi kinafanya kazi ninayokiamini.

Na kile kitabu cha watoto: nilimwandikia mhariri, nikamweleza yote, bila kujitetea. Akajibu kwa upole kwamba kikichapwa tena tutabadilisha. Nikalifungua faili la zamani, nikailaza milingoti mitatu mbele, nikarekebisha tanga zifuate. Ilichukua kama dakika ishirini. Kwenye karatasi ingebidi nianze ukurasa upya. Faili jipya lipo tayari, linangoja. Vitabu vilivyoko madarasani haviwezi kutenguliwa, na hilo bado linanichoma.

## Bamvua

Jumamosi iliyopita ilikuwa bamvua. Saa nne asubuhi maji yalikuwa mbali, mchanga umejaa vijito vidogo na watoto wanaotafuta chaza. Mzee alikuwepo, safari hii chini ya mashua nyingine, amelala chali akichunguza mkuku. Nikamwamkia. Akaitikia bila kutoka huko chini, akauliza kile kioo changu kiko wapi. Nikamwonyesha daftari. Akaguna tu.

Nilichora mashua iliyokuwa imetia nanga mbele yake, tanga limeshushwa, foromali, ule mti unaobeba tanga, bado iko juu nusu. Nilianza na mlingoti makusudi. Na pamoja na yote niliyoyapitia, wiki sita za kuuwaza, mkono uliuchora wima tena. Niliuona umesimama pale kwenye karatasi, mweusi, na vidole vyangu viwili vilishuka vikaugonga ukurasa. Mara mbili.

Haukuondoka.

Nikatazama mashua, nikaweka mstari wa pili, umelala mbele. Nikatazama tena, nikaweka wa tatu, maana wa pili nilikuwa nimeulaza mno kwa kujutia wa kwanza. Ukweli ulikuwa katikati yao. Nikaandika tarehe.

Mzee akatoka chini ya mashua, akajikung'uta mchanga, akaja kusimama palepale nyuma yangu. Nikamngoja aseme juu ya mlingoti. Akaupitisha jicho, akauvuka.

"Ukiusimamisha wima, foromali itakung'ang'ania mlingotini," alisema, kama mtu anayemalizia mazungumzo ya jana. Kisha akainama zaidi. "Na hii foromali yenyewe, umeipitisha upande gani?"

Nikatazama. Nilikuwa nimeichora imeukata mlingoti katikati kama msalaba. Haikuwa upande wowote.

Aliniacha hapo, akarudi kwenye mkuku wake. Nikachora foromali nyingine juu ya ile, wino juu ya wino, na kuanzia pale nilipokaa jua lilinizuia kuona vizuri inapopita. Pembeni, karibu na milingoti mitatu, nikaandika: "Foromali, upande wa kushoto? Muulize akitoka chini."